Mizizi Iliyooza, Kihagara

Jumatatu, 14 Machi 1994
Nimepalilia mihogo hadi saa nne, kisha michungwa. Mchungwa wa saba sasa umegeuka njano. Gundi inatoka shinani, gome limelainika. Dawa nimepuliza mara tatu. Majani yanazidi kudondoka.

Jumatano, 16 Machi
Shemeji Kosmas, mdogo wa marehemu mume wangu, amekuja. Kasema miti imelogwa. Kamtaja Bibi Agnesi, jirani yangu. Eti aonekana sana shambani. Hapo ndipo anapopita kwenda ziwani, miaka yote! Kosmas anataka kumsimamisha mbele ya watu Jumapili. Nimekasirika.

Alhamisi, 17 Machi
Nimefukua ule wa saba. Maji yametuama. Mizizi myeusi, ngozi inachubuka kwa kidole, inanuka. Mchawi gani?

Ijumaa, 18 Machi
Lori hadi Mbinga, mzizi kikapuni. Bwana shamba wetu wa zamani alipunguzwa kazini, sasa ana duka la dawa za kilimo. Ndiye aliyeniuzia ile ninayopuliza. Ameutazama mzizi, hakushangaa. Kasema ni ugonjwa wa kuoza. Maji yanauleta, na udongo niliolundika shinani nikipalilia umeuzidisha. Nikauliza, dawa ile je?

"Ile ni ya wadudu wa majani, mama. Uliomba dawa ya michungwa, nikakupa."

Zamani angekuja kwa baiskeli, aangalie kwanza. Leo anauza tu. Nimeondoka bila kuaga.

Jumapili, 20 Machi
Baada ya ibada Kosmas kaanza. Bibi Agnesi kasimama, ameshika ncha ya kitenge. Mtu mzima, mkunga aliyewapokea wanangu wote. Nimeweka mzizi chini.

"Shemeji, chubua mwenyewe. Unuse."

Hakugusa. Wengine wamegusa. Nimesema kosa ni langu, udongo nililundika mimi. Aibu imenipata, lakini nimesema. Watu wametawanyika. Kosmas hakuomba radhi. Sitamsamehe leo.

Jumanne, 5 Aprili
Nimekata michungwa kumi na mmoja iliyougua, nimechoma na mizizi yake. Imebaki mitano ya mteremkoni. Nimeondoa udongo shinani.

Bibi Agnesi amekuja na jembe, bila kuitwa. Tumechimba mfereji wa kutoa maji, yeye juu, mimi chini. Mchana tumekula ugali kwa dagaa wa usipa wa kukaanga. Kasema mfereji uongezwe kina kidogo. Tumeongeza.