Mpapai kwenye Theluji

Shangazi Zuwena,

Salamu zikufikie huko Hail jangwani ukiwa mzima. Niko Ugiriki, kijiji cha mawe kileleni mwa mlima, ambako wazee wa hapa walipanda kuwakimbia maharamia. Theluji imefika mlangoni. Bibi mwenye nyumba kanikaribisha kwa Kiswahili. Kazaliwa Tanga, baba yake alikwenda kulima mkonge. Kanipa maharage huku akisikitika kuwa hayana nazi, nikadhani ni wewe.

Kando ya jiko anao mpapai ndani ya debe, kauvisha sweta. Nikamhadithia mkarafuu wako unaoulaza mbele ya kiyoyozi. Kaniuliza umerefuka hadi wapi, nikatia chumvi, nikasema dirishani. Sasa anataka kuja kuuona. Uumwagilie maji ufike kweli, Shangazi, kabla hajapata viza.

Nakubusu mikono yote miwili,
Salma