Kiwanja Namba Kumi na Nne, Yamba

Leanne mwanangu,

Natumaini u mzima huko Perth. Hapa Tamworth mvua imegoma, mbwa kazeeka, na mama yako hanisemeshi tangu Januari.

Safari ya Krismasi nimeshaipanga. Tutalala Forster siku mbili, kisha tufuate pwani mpaka Yamba, kambi ileile ya likizo, kiwanja kilekile. Hema nimelishona. Ukija wewe, huenda na mama yako akakubali.

Najua utasema, "Baba, una moyo gani?" Mama yako aliniambia, "Merv, wewe si mtu, ni jiwe." Sababu hajakuambia, basi nitakuambia mimi.

Sheria ya kambi unaijua: ukiondoka bila kukiandikisha kiwanja kwa mwaka ujao, anapewa mwingine. Miaka ishirini na miwili hatujakosa. Asubuhi ile walipomtoa mdogo wako Damon majini, wewe ulikuwa umesharudi Perth, wakamfunika taulo, mama yako akabaki naye mchangani. Mimi miguu ilinipeleka ofisini. Nikapanga foleni, nguo zinachuruzika maji ya bahari. Mama yako alipokuja kunitafuta, akafika mlangoni karani ananiuliza:

"Mwakani wanne, Merv, kama kawaida?"

"Watatu," nikasema.

Karani habari hana, akacheka. "Kwani mmemchoka nani?"

Mwanangu, hata daktari alikuwa hajafika. Mimi ndiye niliyemtoa kwanza kwenye hesabu yetu.

Njoo, angalau tutimie hao watatu.

Baba yako,
Merv