Mama Mkwe na Trei za Gizani

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie kabla sijapasuka, maana mimi ni kinyozi, kusikiliza siri za watu ndiyo kazi yangu na sijawahi kushindwa kuimeza hata moja, lakini hii ya nyumbani kwangu imenikaa kooni, na juzi nilimnyoa mteja ndevu za upande mmoja, nikamvua kitambaa, nikamwambia tayari.

Mke wangu anasomea udaktari, na kabla hujaniuliza, si ule wa sindano, ni udaktari wa kusoma, wa mimea. Anachunguza jinsi mimea ilivyobadilika tangu zama za kale kabisa hadi ikajua kupima nguvu iliyo nayo mwilini, yaani ikikosa jua na sukari yake ikipungua, kuna kitu ndani yake kinachoiambia acha kukua, jibane, subiri, na yeye anataka kujua kitu hicho kilianza lini, kwa hiyo anafuga vile vimea vifupi vya kijani vinavyoota kwenye kuta zenye unyevu, ambavyo anasema ni ukoo wa zamani mno, nusu ya trei zina vimea vizima na nusu nyingine zina vilivyoondolewa hicho kitu, kisha zote zinafungiwa gizani aone vimea vipi vitakufa. Mwanzoni nilicheka, nikasema mke wangu anasomea njaa, lakini miaka imepita na kicheko kimeniisha, kwani nimemwona akisinzia na kijiko mdomoni, nimemwona akilia kwa sababu ukungu umeingia kwenye trei, na mara moja aliniambia, "Baba watoto, nimechoka mpaka uchovu wenyewe umenichoka," nikamvua viatu tu.

Sasa paa la maabara yao likaanza kuvuja, profesa wake akamruhusu azilete zile trei za gizani nyumbani, tukaondoa vitu stoo kuzipisha, akabandika karatasi nyeusi dirishani, akatukataza sote kuingia, na sote tulitii isipokuwa mmoja. Mama mkwe wangu anaishi nasi, ndiye anayetulelea watoto, sina neno baya juu yake. Aliingia kutafuta pasi, akaviona vimea vimepauka, vimelegea, moyo ukamuuma, basi tangu siku hiyo mwanawe akishatoka kwenda chuoni yeye anabandua kona ya karatasi, anachagua zile trei zilizodhoofika kuliko zote, anazisogeza penye mwanga zipate nafuu, halafu anazirudisha mahali pake na kubandika karatasi kama ilivyokuwa. Mshauri, zilizodhoofika ndizo zile zilizoondolewa kile kitu. Ndizo zilizotakiwa kufa!

Hazikufa. Mke wangu alipozitoa alipiga kelele nikadhani ameona nyoka, kumbe ni furaha, akanirukia shingoni, anasema mimea hii ya kale lazima ina njia ya pili ya kuhisi njaa ambayo hakuna aliyewahi kuijua, na profesa naye amefurahi hajifichi, na mwezi ujao mke wangu anasimama mbele ya jopo kuyaeleza matokeo hayo. Siku hizi anaimba jikoni. Anamaliza chakula kwenye sahani. Nilikuwa nimeshasahau kwamba mke wangu ana sauti nzuri.

Jioni ileile mama mkwe aliniita uani, uso umemchangamka, akaninong'oneza, "Umeona, baba? Mimi ndiye niliyeviponya. Vilikuwa vinanitazama kama watoto wagonjwa, ningeviachaje? Lakini usimwambie mwenzio, alinikataza kuingia mle." Nikaitikia ndiyo mama, kwani mkwe utamjibu nini, na tangu hapo nimebanwa kotekote, nikisema nitakuwa nimemchongea mama kwa mwanawe na ile sauti ya jikoni itazimika, nikinyamaza mke wangu anakwenda kusema uongo asioujua mbele ya watu wanaojua. Na mimi pia nimechoka, mshauri, miaka yote hii nilikuwa nasubiri yeye apumzike ndipo nami nipumzike. Nifanye nini?

Kinyozi Niliyefunga Mdomo

*

Kinyozi,

Pole, na pole hiyo inatoka moyoni, maana kuishi na mtu aliyechoka ni kazi ambayo hakuna anayekushukuru kwayo. Sasa kaa vizuri kwenye kiti, leo wa kunyolewa ni wewe.

Umeandika yote hayo na hukujiuliza jambo moja. Siku mkeo akisimama mbele ya jopo, mmoja wao akamwambia rudia tuone, itakuwaje? Atarudia. Atarudia chuoni, paa likishazibwa, ambako hakuna mama wa kuvionea huruma vimea, na safari hiyo vile vilivyoondolewa kile kitu vitakufa vyote. Ataanza kutafuta kosa lake. Atalitafuta kwenye maji, kwenye udongo, kwenye akili yake mwenyewe, huku anasinzia na kijiko mdomoni, na wewe utakuwa unamvua viatu ilhali jibu unalo. Hiyo ndiyo huruma yako? Ile sauti ya jikoni itazimika tu, ndugu yangu. Kilichobaki mkononi mwako ni kuchagua izimike nyumbani, mbele ya watu wanaompenda, au kwingine.

Wala usijifiche nyuma ya mama mkwe. Kumwitikia ndiyo siku ile ilikuwa heshima. Kuendelea kunyamaza mpaka leo ni woga wa machozi ya mkeo, na wewe si mume wa kwanza kuyaogopa.

Hata hivyo, usimzunguke mama. Leo, watoto wakishakula, mwite palepale uani alipokunong'oneza, umweleze pole pole kwamba kufa kwa vile vimea ndiko kulikokuwa jibu lenyewe lililotafutwa miaka yote hii. Atashtuka, atalia. Usimfokee. Mlimwambia asiingie, nani kati yenu alimwambia kwa nini? Mtu mmemkabidhi watoto wenu, lakini kumweleza kilichomo kwenye trei mkaona hakumhusu. Hilo kosa ni lenu wawili, na mkeo na elimu yake yote ana fungu lake.

Kisha mpe mama nafasi aseme mwenyewe. Iwe kesho asubuhi, mkeo akishakunywa chai, wewe umekaa hapo hapo. Leo mwacheni mkeo alale. Mama akishindwa kutamka, tamka wewe, bila kuzungukazunguka na bila kusema eti labda matokeo bado ni ya kweli. Mkeo ampigie profesa kesho hiyo hiyo. Profesa atanuna, jopo litaahirishwa, na hakuna aliyekufa. Hata hizo trei, shida yake yote ni kwamba hazikufa.

Mkeo atakuuliza mbona ulikaa kimya. Usijitetee. Funga kibanda chako cha kunyolea siku nzima, ukate karatasi nyeusi mpya ili jaribio lianze upya, upake gundi, uibandike dirishani kwa mikono yako mwenyewe, kona zote.

Halafu kuna jambo la mwisho, ambalo mkeo hatalitaka na itabidi umbembeleze. Ufunguo wa stoo akae nao mama. Katika nyumba hiyo yenye msomi na mume wa msomi, ni yeye peke yake aliyeitazama kila trei kila siku akajua ipi inaumwa. Mkeo amkalishe, amweleze kila kitu tangu mwanzo, hizo zama za kale na hiyo njaa, amweleze kama mtu mzima. Baada ya hapo vitapauka tena, vitalegea tena, naye atasimama nje ya mlango huo moyo ukimuuma, ufunguo mkononi, na hatafungua.