Nitunzie Maharage

Jumatatu, 3 Februari

Mjukuu kaleta chupa kumi na mbili za maharage. Nikafurahi, nikadhani ameanza kula! Kumbe za masomo. Chumba cha joto cha chuoni kimeharibika, mafundi wanataka wiki saba. Mama msimamizi, mwalimu anayemwongoza masomo, kamruhusu aziweke nyumbani, kwenye kabati la tangi la maji moto. Mle ndani joto kama kwapa la mwenye homa.

Kaniambia: Bibi, mimi nashinda maktaba, nitunzie maharage yangu.

Nikamjibu, mke mwenzangu, maharage nimeyatunza kabla baba yako hajaota meno. Nenda zako.

Huyu ndiye aliyenifundisha herufi. Alikuwa darasa la kwanza, mimi nina wajukuu saba. Akirudi shule ananikalisha mkekani, nikikosea ananigonga vidole kwa kijiti. Leo anasomea digrii ya pili, ya wadudu, nchi ya watu. Mimi nimeitwa miezi mitatu nimnenepeshe. Mbavu zinahesabika!

Jumamosi, 8 Februari

Maharage salama. Asubuhi natikisa, jioni natikisa. Chupa moja moja, mpaka zilie kama kayamba. Ndivyo mama yangu alivyonifunza: fukusi haingii kwenye harage lisilotulia. Akianza kutoboa, umempindua. Anaanza upya — umempindua tena. Anakufa njaa katikati ya chakula.

Jirani wa chini kagonga dari lake kwa mti wa ufagio. Nami nikagonga sakafu. Tumesalimiana.

Bega la kulia limeacha kuuma.

Jumatano, 19 Februari

Kafungua kabati. Kamwaga chupa ya kwanza kwenye sinia jeupe, kashika kioo chake cha kukuzia. Ya pili. Ya tano. Ya kumi na mbili. Kisha kakaa sakafuni, miguu kainyoosha kama mtoto.

Kasema: watoto wangu wote wamekufa.

Watoto gani? Nikamshika tumbo! Kumbe watoto wa fukusi. Kila chupa alitia mayai mia. Anatafuta harage ambalo fukusi hawaliwezi. Na ili alijue hilo, lazima kwanza wayale yale wanayoyaweza. Hakuna hata tundu moja la kuingilia. Chini ya chupa vumbi tu — ndio wao.

Tarehe ishirini ya mwezi ujao anasimama mbele ya kamati ya chuo. Bila fukusi hai hana majibu. Bila majibu wanamtoa. Wakimtoa, kibali cha kukaa kinakufa, anarudi na sanduku. Miaka miwili hiyo!

Kasema labda joto lilizidi. Labda mayai yalikuwa viza. Mimi nilikuwa namenya kiazi. Nikamenya, nikamenya, kikaniishia mkononi.

Nikachukua kingine.

Alhamisi, 20 Februari

Mficha maradhi kifo humuumbua. Nimesema. Wakati wa chai, kikombe chake bado hakijafika mdomoni.

— Bibi, ulikuwa unatikisa?

— Asubuhi na jioni.

— Zote?

— Mimi sibagui.

— Nani alikwambia utikise?

— Wewe! Si ulisema nitunzie maharage?

Kanitazama. Kwetu kutunza maharage ni kuua fukusi. Kumbe kwake ni kulea fukusi! Mtu mwenye akili zake analea fukusi? Ningejuaje? Tungewapa na uji!

Hakucheka. Kachukua koti, katoka. Hakuniaga. Tangu ajue kutembea hajawahi kutoka bila kuniaga.

Jioni karudi na chupa tatu. Mayai ya mwisho, kapewa na mama msimamizi. Kasema nilipotajwa mimi na kutikisa kwangu, yule mama aliuliza mara tatu, akaandika kwenye karatasi. Sijui ananishitaki.

Kazipanga kabatini taratibu kama anayelaza mgonjwa. Kisha kageuka: Bibi, haya usiyatunze. Haya yaache.

Ijumaa, 28 Februari

Sijagusa. Jirani wa chini kapanda kuangalia kama nimekufa.

Jumapili, 9 Machi

Tangu siku ile hajaniita mke mwenza. Bibi tu. Bibi shikamoo, Bibi asante. Adabu yake inaniuma kuliko tusi.

Kala vijiko vinne. Nimehesabu. Nimekuja kumnenepesha na nimemkondesha mimi mwenyewe, kwa mikono hii hii!

Jumatano, 19 Machi

Tumemulika chupa kwa tochi bila kuzigusa. Maharage matupu, laini kama mayai ya njiwa.

Nikamwambia, usitafute tundu la kutokea, hilo ni la mwisho. Fukusi kabla hajatoka hujichorea kidirisha. Duara dogo jeusi, kama kichwa cha pini. Ukikiona, ujue mwenye nyumba yumo. Kasema vitabu navyo vinasema hivyo. Vizuri, vitabu vimenisikia.

Kesho chupa zifike chuoni. Anataka kupanda basi. Basi! Basi linatikisa kuliko mimi! Nitazibeba kichwani. Maji nimebeba miaka hamsini, tone halijanidondoka. Kasema watu watakushangaa. Washangae, kutazama hakuna kiingilio.

Kacheka. Kidogo, lakini meno nimeyaona.

Alhamisi, 20 Machi

Naandika nikiwa kwenye benchi, nje ya chumba cha kamati. Tumetembea saa nzima, ngata kichwani, beseni juu ya ngata, chupa ndani ya beseni. Watu wametupiga picha. Shingo yangu haikugeuka.

Kaambiwa aingie kwanza peke yake, chupa zisubiri waziite. Mlangoni kanishika mkono. Wake wa baridi. Kasema: mke mwenza, niombee.

Nusu saa sasa. Namsikia sauti tu, inazidi kuwa ndogo. Kisha sauti za wanaume, nzito. Yake siisikii tena.

Jua limeingia dirishani, limepiga beseni. Chupa ya katikati kuna harage limeegemea kioo.

Lina doa.

Nimevua miwani, nimeifuta kwa kanga, nimevaa. Bado lipo. Duara. Na jirani yake — la pili! La tatu kule chini!

Nimesimama. Mlinzi wa ukumbi kaweka kidole mdomoni, kaonyesha mlango, katikisa kichwa. Lugha yake siijui ila nimemwelewa: mlango huu haugongwi.

Haugongwi?

Ngoja niweke kalamu.