Mkono wa Kulia wa Bi Zuhura

Jumamosi, na Julai imetukalia vibaya. Manyunyu yaliyoanza alfajiri hayajakata mpaka sasa. Hapa Woodley nguo nilizoanika juzi bado ni mbichi, na hata chai inapoa kabla sijafika katikati ya kikombe.

Sikuwa nataka kuandika leo. Lakini najijua. Nisipoandika, kesho nitaamka na siku hii moyoni, ikiwa nzito zaidi.

Nimetoka Muthangari, kumwona Bi Zuhura.

Mmeshamsoma hapa bloguni, yeye ndiye mwenzangu wa kuvua. Kwa mgeni nitaeleza kidogo. Nilipofika Nairobi kutoka Bungoma nikiwa msichana, kazi yangu ya kwanza ilikuwa kufunga nzi. Si nzi wa chooni. Ni nzi wa bandia wa kuvulia samaki: unachukua ndoana ndogo, unaivisha uzi na manyoya ya jogoo mpaka ifanane na mdudu aliyeanguka majini, na samaki anadanganyika. Karakana yetu ilikuwa inawauza ng'ambo. Ilipofungwa nikapata kazi ya ofisi, lakini vidole vilikataa kusahau. Nikawa nafunga nzi nyumbani, kujiburudisha tu, kama vile wengine wanavyofuma vitambaa.

Uzi niliufuata River Road, kwenye duka la vifungo na zipu la mama mmoja wa Kimvita, ndiye huyu Bi Zuhura. Siku ya kwanza alinitazama juu ya miwani.

"Uzi mwembamba hivi washonea nini? Kanzu ya panzi?"

Nilimwonyesha nzi niliyekuwa naye kwenye pochi. Alimweka kiganjani, akamgeuzageuza, wateja wakawa wanasubiri. Kisha akaniuliza nimeshika samaki wangapi kwa mdudu kama yule. Nilimwambia ukweli, kwamba sijawahi kuvua hata siku moja. Alicheka mpaka akakaa chini. "Basi wewe ni mpishi asiyeonja," alisema.

Wiki iliyofuata akaniomba nimfundishe kufunga. Yeye naye akanilazimisha kwenda mtoni.

Ndivyo tulivyoanza. Jumamosi tulifunga nzi nyuma ya duka lake akishalifunga, na likizo ikipatikana tulipanda hadi chini ya milima ya Aberdare, kwenye maji baridi wanakoishi samaki aina ya trauti. Bi Zuhura alivaa gambuti, akalikunja buibui na kulifunga kiunoni, akaingia mtoni akimsemesha samaki kwa Kimvita kana kwamba wanajuana. Wavuvi wengine walitutazama sana. Mwanzo walicheka. Baadaye wakawa wanakuja kumuuliza leo samaki wanauma nini.

Kabla ya masika kiharusi kilimwangusha dukani. Mdomo umerudi, mguu unarudi polepole. Mkono wa kulia haujarudi.

Sijaenda kumwona mara nyingi kama nilivyopaswa. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli. Kila nikitoka pale najikuta nakunja na kukunjua vidole vyangu, nikihakikisha ni vyangu bado.

Lakini juzi alinipigia simu mwenyewe. Sauti ilikuwa inaburuta. "Njoo na vaisi," alisema, akakata.

Vaisi ni kile kichuma tunachokibana kwenye ukingo wa meza ili kishike ndoana wakati unafunga. Nilikitia kwenye mfuko pamoja na nyuzi na manyoya mapya niliyoyapata kwa wauza kuku wa Kawangware, mekundu ya kung'aa, ya shingoni, aina anayoipenda yeye. Nikatembea.

Bintiye, Mwanaisha, ndiye anayeishi naye sasa. Alinifungulia mlango, akauona mfuko, uso wake ukabadilika. Alinivuta jikoni.

"Anti, usikasirike. Hizo vitu usimpatie. Juzi alijaribu kufunga kifungo, mkono ukakataa, akalia siku mzima. Mimi ndio nabaki na yeye mkienda."

Alikuwa na haki. Macho yake yalikuwa mekundu, ya mtu asiyelala, na kwenye sinki kulikuwa na bakuli la uji ambao haukuguswa.

"Amenipigia yeye mwenyewe," nilimwambia.

"Najua. Alitumia simu yangu."

Mwishowe Mwanaisha akatoka, akaenda kupangusa meza ya sebuleni, mimi nikalichukulia hilo kuwa ruhusa.

Bi Zuhura alikuwa dirishani, mkono wa kulia umelazwa mapajani chini ya mtandio. Hakunisalimu. Alitazama mfuko. Nilibana vaisi mezani, nikaweka ndoana kubwa, maana ndogo zingekuwa ukatili. Tukakubaliana bila kusema kwamba mimi nitashika manyoya, yeye atazungusha uzi kwa mkono wa kushoto.

Uzi ulikatika. Nikaufunga upya. Ukavuka juu ya unyoya badala ya kuubana, akaurudisha nyuma, akaanza tena. Jasho lilimtoka juu ya mdomo, na baridi yote hii. Mimi huyu niliyefundisha wasichana wengi kule karakana nilikuwa nimeuma meno ili nisimpokonye uzi.

Nzi akaisha. Kama ni kuisha.

"Waonaje?"

"Ni mzuri," nilisema.

Alinitazama kwa muda mrefu. "Nekesa. Daktari anidanganya, Mwanaisha anidanganya, majirani wanidanganya. Nawe pia?"

Nilihisi aibu usoni kama moto wa jiko. Nikamshika yule nzi, nikamwangalia jinsi tulivyozoea kuangalia kazi zetu, bila huruma.

"Kichwa kimejaa uzi. Unyoya umelegea. Akiingia majini atafumuka kabla samaki hajamwona."

"Ehe," alisema. Upande mmoja wa mdomo wake ulitabasamu. "Mkate huyo."

Nilimkata kwa wembe. Tukaanza mwingine.

Laiti ningemwambia apumzike kwanza. Huyu wa pili hatukufika hata katikati. Uzi ulimponyoka, akaudaka, ukamponyoka tena, na mara akasukuma meza kwa kiwiko, vaisi ikaanguka chini kwa kishindo, na manyoya yakatawanyika sebule nzima. Mengine yalimtua kichwani.

Mwanaisha alikuja. Alipiga magoti, akaanza kuyaokota moja moja, mpaka yale ya kichwani kwa mama yake.

Bi Zuhura alisubiri bintiye arudi jikoni.

"Wanipeleka Mombasa," alisema. "Kwa kaka yangu. Duka limeshapata mtu."

"Lini?"

"Wiki hii ijayo."

Nikasema kule kuna joto, litamfaa mwili. Nikasema ndugu ni wengi, hatakosa wa kuzungumza naye. Aliniacha nimalize upuuzi wangu wote.

Kisha akasema, "Usende kule mtoni."

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Usende bila mimi. Sitaki nikikaa kule nifikirie uko majini na mtu mwingine."

Ilikuwa rahisi sana kukubali. Neno moja tu, naye angeondoka na moyo mweupe, na nani angejua? Lakini alikuwa amenitazama vilevile alivyonitazama kabla ya kuniambia nimkate yule nzi.

"Nitaenda, Bi Zuhura," nilisema.

"Na nani?"

"Sijui. Peke yangu, labda. Lakini nitaenda. Nisipoenda sitaweza kufunga tena."

Aligeuza uso dirishani. Nje mtunza bustani wa pale kwenye maghorofa alikuwa anafagia majani yaliyolowa, yakikataa kufagika.

"Haya," alisema. "Nenda."

Sijui alimaanisha niende mtoni au nitoke mbele yake. Nilikaa kidogo nikimsubiri ageuke. Hakugeuka. Nilikusanya vitu vyangu, nikaubusu mkono wake, ule wa kulia, ambao sijui kama unahisi kitu.

Mwanaisha alinisindikiza hadi getini, mwavuli mmoja, sisi wawili. Nilimwomba msamaha kwa ile fujo.

"Leo hajalia, lakini," alisema. "Amekasirika tu."

"Hasira ni afadhali," nilimjibu. Nilisema kwa sauti ya mtu anayejua, nami sijui.

Nimefika nyumbani viatu vimeloa hadi soksi. Nimejaribu kukaa mezani nifunge hata nzi mmoja, mikono ikakataa, ingawa yangu haina ugonjwa wowote. Nimeishia kuchambua manyoya, marefu huku, mafupi huku, kama mtu anayechambua mchele wa wageni ambao hawatakuja.

Nimejiuliza jioni nzima kama nilimwonea. Mgonjwa anaomba kitu kimoja, unamnyima. Mama yangu angesema mgonjwa haambiwi hapana. Lakini mama hakuwahi kukaa na Bi Zuhura ukingoni mwa maji. Hakuwahi kumwona akimrudisha samaki mtoni kwa sababu tu alinaswa ubavuni badala ya mdomoni, akisema huyo hakudanganyika, tumemwonea.

Siku wanayosafiri nitaomba ruhusa kazini niende kumsindikiza, anitake asinitake. Akigeuza uso asinione, nitasimama upande ule anaotazama.

Halafu mvua ikikata na maji yakawa safi, nitapanda kule juu. Sina hamu hata kidogo, ila nitaenda.

Jambo moja tu ndilo linalonishinda. Siku trauti atakapouma, nimvute, nimshike akipapatika mikononi, nigeuke nyuma na furaha yangu yote, nitamwonyesha nani?