Kabati lililoamkia

Esta, nimehadithiwa sasa hivi na bado siamini.

Mwaka 1976 baba yangu Liberatus anamaliza chuo. Mradi wake ni mashine ya mfugaji asiyejua kusoma: unabonyeza picha ya ng'ombe, inakutajia dawa. Asipofaulu, anarudi kulima.

Mashine yenyewe ni kabati la nguo. Ndani kajificha rafiki yake Kasian, ndiye sauti.

Wakaipeleka kwa wafugaji wa Usangu, msimamizi wake wa chuo kasimama na daftari. Mfugaji mmoja mzee, Bibi Nyamizi, akasogea, akakohoa, akabonyeza ng'ombe.

Kabati likasema, "Shikamoo, bibi."

SHIKAMOO. Kabati!

Baba akaangalia viatu vyake. Bibi hata hakushtuka.

"Marahaba. Toka humo mjukuu wangu, utakosa hewa."

Msimamizi akaandika: "Mashine ina adabu. Ipewe maji."