Mama Aliyekataa Kupika kwa Ushuzi

Mpendwa Mama,

Kabla hujauliza: nimekula, wajukuu wako wazima, na yule mdogo bado anakataa maharagwe. Sasa niache niseme nililokuja kusema.

Siku hizi naukumbuka sana ule mwaka wa kidato cha pili, mimi nikiwa mwanafunzi na wewe mpishi katika shule ile ile ya Makadara, Nairobi. Mtoto asiombewe adhabu ya kusoma mahali mamake anapopika. Nikisinzia darasani, habari zilikufikia kabla ya kengele. Nikiongoza kwenye mtihani, zilikufikia pia, lakini hizo ulijifanya hukuzisikia. Saa saba mchana ulikuwa ukipakua githeri, foleni nzima ikisikia, unaniuliza, "Nekesa, ile kamisi yako umeianua?" Wavulana wa kidato cha nne waliniita Kamisi mpaka wakamaliza shule.

Jiko lako lilikuwa kibanda cha mabati chenye dirisha moja, na hilo dirisha ulikuwa umelipangia masufuria. Kuni zililetwa mbichi. Ulikohoa ukisonga ugali, ukakohoa ukiimba nyimbo za kanisa, hata sisi tuliokuwa kwenye foleni tulijua mahali wimbo ungekatika, tukangoja umalize, kisha tukaitikia. Nilikupeleka kliniki. Ulipotoka ukawaambia majirani, "Daktari amesema ninywe maji mengi." Nilikuwa nimeketi ubavuni mwako, Mama. Daktari alisema uuache moshi.

Hapo ndipo Klabu ya Mazingira ilipoanza kuniwasha kichwani. Tulikuwa wanafunzi wanane, na kazi yetu mpaka wakati huo ilikuwa kuokota karatasi na kupanda miche ambayo mbuzi wa jirani aliisubiri kwa hamu kuliko sisi. Nikasimama kwenye mkutano nikasema tutengeneze gesi ya kupikia kwa mabaki ya chakula na samadi. Rafiki yangu Mwende, aliyekuwa katibu, aliandika hoja yangu kisha akanong'ona, "Manze, samadi tutatoa wapi hapa Makadara?"

Tuliitoa kwa mzee mmoja aliyefuga ng'ombe watatu karibu na Mukuru kwa Njenga. Tulitembea na ndoo zetu, sare za shule mwilini, tukipita katikati ya watu waliokuwa wakitoka viwandani, nao walitupisha kwa heshima ambayo sijawahi kupewa tena maishani. Tulipoingia langoni ulikuwa ukichambua sukuma wiki. Ukasimama.

"Nekesa. Nini hiyo?"

"Samadi, Mama."

"Hayo ni mavi."

"Mwalimu anasema tuite samadi."

"Mwalimu alikuzaa? Nimekuleta shule usome, wewe unabeba mavi mpaka karibu na unga wangu?"

Nilikueleza kila kitu: mapipa mawili ya plastiki, maganda ya viazi, bomba, na tyubu kuukuu ya tairi la lori itakayojaa gesi. Ulinisikiliza hadi mwisho, mikono kiunoni. Kisha ukauliza gesi yenyewe inatoka wapi hasa kwenye ng'ombe. Nilipoanza kueleza ukanisaidia.

"Ni ushuzi. Watoto wa watu wamekuja kusoma, mimi niwapikie kwa ushuzi?"

Kufikia saa kumi jioni, shule nzima ilikuwa imesahau kwamba tunaitwa Klabu ya Mazingira. Tulikuwa Klabu ya Ushuzi. Mwalimu wetu wa kemia, mlezi wa klabu, alijaribu kulikomesha jina hilo kwenye gwaride la asubuhi. Kwa kulitamka mbele ya wanafunzi wote, akalithibitisha.

Wiki tatu tyubu ililala chini nyuma ya jiko, bapa kama chapati. Kila asubuhi ulipita hapo na beseni lako ukaisalimu: "Habari ya kulala?" Wiki ya nne ikaanza kuvimba. Ukaacha kuisalimu.

Halafu ikafika siku ya wageni. Afisa wa elimu alikuwa anakuja, wazazi pia, na klabu ilipewa nafasi ya kuchemsha chai kwa gesi yetu mbele ya watu wote. Ulikataa kushiriki. Ulisema utakaanga mandazi kwa kuni zako, na huyo anayetaka kunywa chai ya ng'ombe mzima ajichemshie.

Tyubu siku hiyo ilikuwa imejaa, nyeusi, inang'aa, nzuri kama kochi. Hilo ndilo lililoniponza. Watoto wanne wa kidato cha kwanza, wamechoka na hotuba, waliiona wakaenda kuikalia. Mmoja wao alikuwa na bikari yenye ncha kali kwenye mfuko wa nyuma.

Hatukusikia kitu. Naibu wa mwalimu mkuu alikuwa akiomba, tumefumba macho wote, harufu ilipotufikia. Kwanza kila mtu alivumilia, kwa kuwa ni maombi. Kisha nikafumbua jicho moja. Afisa wa elimu alikuwa akimtazama mwalimu mkuu. Mwalimu mkuu alikuwa akimtazama mwenyekiti wa wazazi. Mwenyekiti wa wazazi alikuwa akimtazama mkewe. Naibu akasema Amina katikati ya sentensi.

Nilikimbia nyuma ya jiko nikaikuta tyubu inapumua kwa sauti nyembamba, na wale watoto wanne wamesimama kama waliofiwa. Nikaweka kidole kwenye tundu. Sikuwa na mpango mwingine. Nilipiga magoti hapo, kidole tunduni, nikilia, nikiwasikia wageni wakicheka.

Kile ambacho sikukiona nilikuja kuambiwa baadaye. Mwende alikuwa ameingia jikoni mbio akakukuta ukigeuza mandazi. Akakwambia, "Mathe, hii kitu si ya klabu. Nekesa aliitengeneza sababu ya hiyo kikohozi yako." Ulizima kuni kwa maji, mandazi yakiwa bado kwenye mafuta.

Nilichokiona mimi ni miguu yako. Ulikuwa na donge la unga wa mandazi mkononi. Ukasema, "Toa kidole." Ukaliziba tundu kwa unga, ukafungua leso yako kiunoni, ukaizungusha tyubu na kukaza fundo kwa meno. Kisha ukageuka: "Mwenye kiberiti akae mbali. Hata kama ni afisa."

Tulisubiri upepo upeperushe ile harufu. Hakuna aliyeondoka, maana mandazi hayakuwa yameiva na watu walikuwa na njaa. Ulipoinusa hewa ukaridhika, ukaniambia, "Haya. Washa."

Njiti mbili za kwanza zilizimika. Ya tatu ikashika, na mwali mdogo wa buluu ukasimama chini ya sufuria bila moshi hata kidogo. Hukupiga makofi. Ulisogea karibu, ukaweka uso wako juu ya moto kama mtu anayechungulia kisima, ukavuta pumzi. Hukukohoa. Ukavuta tena.

Chai ilipochemka ulimimina kikombe cha kwanza ukakinywa mwenyewe, wageni wote wakikuangalia mdomoni.

"Ni chai," ukatangaza. "Kunyweni."

Shule ilijenga mtambo wa saruji mwaka uliofuata, nawe ukawa mlinzi wake mkali kuliko yeyote. Mtoto akitupa karatasi ya plastiki humo ulimwita kwa majina yake matatu. Na mimi hukuniambia asante hata siku moja, ila uliacha kuniuliza habari za kamisi hadharani, nami nikaelewa.

Ulipotuacha mwaka jana ilikuwa presha, wala si kifua. Hilo nimelishikilia.

Sasa hili ndilo lililonifanya nikuandikie. Tulipokupeleka nyumbani Bungoma, nilienda nyuma ya jiko kutafuta mahali pa kulilia. Nikakuta mapipa mawili na tyubu ya trekta, imevimba vizuri, na shangazi Nafula akichemsha chai ya waombolezaji. Hukuwahi kuniambia. Nikamuuliza nani aliyejenga.

"Si mamako! Yeye ndiye aliyeivumbua hii gesi huko Nairobi. Walimu wote walimcheka, akakaza tu roho."

"Na mimi?"

Shangazi akanihurumia. "Wewe alisema ulikuwa unamsaidia kubeba ndoo."

Nilicheka, Mama. Nilicheka hadi nikakaa chini, na akina mama wakadhani nimezidiwa na uchungu, wakanikumbatia, wakanipepea, wakaniletea maji. Labda hawakukosea. Walipomaliza kunifuta uso wakaanza kuniuliza habari zako: ulichanganya maji kiasi gani, uliwalisha nini wale ng'ombe, ulijuaje imeiva? Ningeweza kusahihisha habari hapo hapo. Nina cheti cha klabu chenye jina langu.

Nikawaambia, "Mwenyewe ndiye aliyekuwa na akili hiyo. Nitawaonyesha nilivyomwona akifanya."

Lala salama, Mama. Hapa tunaendelea kukusifu, na ninavumilia.

Ni mimi binti yako,
Nekesa